Agnesi na Boya la Tangi

Skolastika alilisikia neno lile sokoni Mwanga, na tangu hapo halikumtoka kichwani. Eti kwenye mtambo wa maji kumefungwa kisanduku chenye akili, nacho kimepangwa kuwanyima wenyeji maji ili wapewe wakimbizi. Ulikuwa mwaka ule Warundi walipokuwa wakishushwa bandarini Kigoma kutoka Kagunga, kijiji cha mpakani, na kipindupindu kikitajwa kila nyumba. Mama mwenye watoto atalipuuzaje neno kama hilo?

Asubuhi hiyo, kama kawaida, aliosha dagaa pamoja na binti yake Agnesi, mwanafunzi wa darasa la sita. Kisha Agnesi akajitwika beseni kwenda kuanika.

"Usianike mchangani," mama alimkumbusha. "Wateja wamechoka kutafuna mchanga."

"Najua mahali pazuri, mama."

Mchana mabomba ya mtaa mzima yakakauka. Jirani yao, Mwanakombo, akaja na ndoo tupu mkononi, sauti ikimtangulia.

"Si nilikwambia, Mama Agnesi! Kisanduku kimeanza kazi! Watu wanapanda na mawe kwenda kukivunja. Twende!"

"Kikivunjwa, maji tutapata wapi?"

"Maji gani? Wewe unayaona?" Akaondoka mbiombio.

Skolastika akakaza kanga kiunoni. Jioni watoto wangekunywa nini? Ya ziwani, na ugonjwa huu? Alipogeuka alimwona Agnesi mlangoni.

"Mama, wasikivunje. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Dagaa nimewaanika juu ya paa la tangi la mtambo. Zege lake lina joto, tena halina mchanga. Kulikuwa na waya umeingia kwenye tundu la tangi, una boya mwishoni. Ulikuwa unanizuia, nikauvuta nje, boya nikalitundika juu."

Skolastika alichungulia nje. Hakuna aliyemwona mtoto. Wangeweza kufunga mlango na kunyamaza, wala mtaa usingewanyooshea kidole. Lakini mtambo ungevunjwa.

"Utasema mwenyewe," alisema, akamshika mkono. "Mimi nitasimama nawe."

Kule mtamboni walimkuta fundi wake, Jeremia, amekingama mbele ya kabati la chuma, jasho linamtiririka, watu wamemzunguka.

"Shikamoo, baba," Agnesi alisema kwa sauti ndogo, kisha akaeleza yote.

"Kumbe tumenyimwa maji na dagaa!" mtu mmoja akadakia, na watu wakaangua kicheko.

Jeremia akapanda juu ya tangi, akalirudisha boya mahali pake. Mara pampu zikanguruma.

"Humu kabatini mna prosesa," alisema aliposhuka. "Ndiyo ubongo wa mtambo. Ndiyo inayowasha pampu na kupima dawa ya kuulia vijidudu. Lakini haina macho. Inajua tu kile inacholetewa na waya. Boya likiwa juu, inaamini tangi limejaa, inazima pampu. Haimjui mwenyeji wala mkimbizi."

Mwanakombo akaliangusha jiwe lake taratibu. "Na nilikuwa nimelichagua zuri," alinung'unika.

"Sasa pampu nazizima mwenyewe," Jeremia aliendelea. "Tundu lilikuwa wazi, na maji ya dagaa yamechuruzikia ndani. Lazima tangi lioshwe kwanza. Agnesi, wewe utasugua paa."

"Nitasugua, baba."

"Mwanangu," Jeremia alisema, "mashine ikidanganywa haina namna ya kujua. Na sisi tusingejua. Umetusaidia kwa kusema kweli."

Jioni maji yalirudi. Skolastika aliwakusanya watoto wa mtaa bombani, akawapa mambo ya kuepuka:

– Usipande juu ya tangi la maji, hata pakiwa na jua zuri namna gani.

– Usianike kitu juu ya maji wanayokunywa watu.

– Usivute waya wala kubonyeza kitufe usichojua kazi yake. Uliza kwanza.

– Usiokote jiwe kwa sababu ya maneno ya sokoni.

– Usinywe maji ya ziwani bila kuchemsha.

– Ukikosea, usinyamaze ukingoja kuulizwa.