Nikolezee Kidogo Tena

Jua lilikuwa linazama niliporudi studio na karatasi za kuchapia picha. Dada yangu mdogo alikuwa mezani akikata picha za pasipoti. Kwenye benchi alikaa mama mmoja, amejitanda mtandio mweusi. Alinuka kama kabati lililofungwa miaka mingi.

"Nataka picha yenye rangi," aliniambia taratibu. "Kama zile za filamu. Zenu za siku hizi zimepauka."

Kila mteja husema hivyo. Nilimpiga picha moja, nikaihamishia kwenye kompyuta. Uso ulitoka wa kijivu, majivu matupu. Nikapunguza mwanga, nikatia giza kwenye vivuli, nikapandisha nyekundu.

Midomo ikachangamka.

"Koleza," alinong'ona. Sikuwa nimemsikia akija nyuma yangu.

Nikakoleza. Mashavu yakajaa. Ilikuwa ile rangi niliyoihangaikia miaka mitatu bila kuipata, na nisiseme uongo, nilinogewa.

"Kaka," dada aliita, "nasikia baridi."

"Funga dirisha."

"Koleza tena," mama akasema.

Nikapandisha. Mkasi ukaanguka sakafuni.

Niligeuka. Dada alikuwa amelalia meza, midomo myeupe kama chaki. Na yule mama... mashavu yake yalikuwa mekundu, mabichi.

Nikachomoa waya wa umeme.

"Leo inatosha," alisema, akatoka.

Hospitali walimwongezea dada chupa tatu za damu. Daktari aliniuliza alikatwa wapi. Hakuwa na hata mkwaruzo. Mpaka sasa akipanda ngazi hupumzika katikati. Nilipowasha kompyuta, picha ilikuwepo, imekolea vilevile, ingawa sikuwa nimeihifadhi. Siifuti. Sijui nikiifuta damu yake itamrudia, au itapotea nayo.

Juzi, giza likiingia, mama yule alisimama mlangoni. Uso ulikuwa umerudi kijivu.

"Imepauka. Nikolezee."

"Mashine imekufa," nilidanganya.

"Basi nielekeze kwa fundi mwingine."

Kwenye chumba cha nyuma, dada alikohoa. Mama akageuza shingo kuusikiliza mlango wa chumba hicho.

Nikanyoosha kidole upesi. Mtaa wa pili, kwa rafiki yangu niliyejifunza naye kazi. Mkewe ndiye hukaa mapokezi, na ana mimba ya miezi saba.

Tangu juzi simu ninayo mkononi. Sijampigia.