Chemchemi ya Mulazo

Kifaa chenyewe hakikuzidi punje ya mtama, nacho kilipachikwa nyuma ya sikio la Mheshimiwa Lazaro Chidawali, Mkuu wa Jimbo. Mhandisi Foibe Mnyagatwa, aliyekibuni, alikiita kiongoza-ulimi. Mkuu aliposita, kilipima swali la mgeni, kikatunga jibu la adabu na kuusukuma ulimi wake ulitamke.

"Binti yangu, kinanitekenya," alilalamika Mkuu siku ya mazoezi, mbele ya roboti zilizovikwa suti kama matajiri wa ng'ambo.

"Vumilia, Mheshimiwa. Wageni waliopita walilalamika kwamba uliwanunia."

"Sikuwanunia hata kidogo! Kwetu mgeni hakataliwi akiwa mezani. Unanyamaza, anaelewa, mnaendelea kula."

"Hawa hawaelewi kimya. Wanataka jibu."

"Haya, mwalimu. Nifundishe kusema huku natafuna, kosa ambalo mama yangu alikuwa akinichapia."

Foibe alicheka, kisha akakirekebisha kifaa kisiruhusu kusita hata kidogo. Alikuwa na haraka. Sheria ya miaka hiyo ilihesabu sauti ya kiongozi kuwa ni sahihi yake, na jimbo lilihitaji reli ambayo wageni hao waliahidi kuijenga.

Karamu ilikwenda vizuri. Mkuu alitania, wageni wakacheka. Ndipo mkubwa wao, mama mwenye mvi, alipouliza kwa upole, "Pamoja na reli, mtatupa chemchemi ya Mulazo?"

Vijiji saba vilikunywa maji ya Mulazo. Mkuu aliweka kijiko chini, akainamisha macho. Maofisa wake walilijua jibu hilo. Wakarudia nyama zao.

Midomo ya Mkuu ikafunguka. "Kwa furaha kubwa. Chemchemi ni yenu."

Wageni wakapiga makofi.

Baadaye Foibe alimfuata Mkuu barazani. "Nitawaeleza ukweli, Mheshimiwa. Kifaa ndicho kilichosema."

"Uwaeleze kwamba jimbo linaongozwa na mtu asiye na ulimi wake? Reli nayo tutaikosa." Akakibandua kifaa, akamkabidhi. "Nilikubali mwenyewe kukivaa."

Walikwenda Mulazo pamoja. Uzio wa wageni ulikuwa umekwisha kuwekwa. Bibi mmoja alisogea akiwa na ndoo tupu.

"Baba, wametusikilizisha sauti. Ni yako kweli?"

"Ni yangu, mama."

Bibi akageuka kurudi nyumbani na ndoo yake tupu. Foibe alikuwa amesimama nyuma ya Mkuu, na hakufumbua kinywa.