Chakula Ambacho Nyanchera Hakukipika

Sogezeni viti, watu wangu. Mwenye mtoto mgongoni akae karibu na mlango, mwenye haraka aende zake sasa, maana jambo hili nataka lisikike hadi mwisho. Ni habari ya nyumba moja huku kwetu Gesima. Mimi nimekula katika nyumba hiyo mara nyingi, na wengi wenu mlikula humo pia, kwa hiyo msinitazame kama ninawasimulia ya ng'ambo.

Jumapili moja ya mwaka wa sabini na tatu, mvua ilikatika mapema. Chai ilikuwa imekwisha kuchumwa, ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, na kwa Alfayo Mogire tulikuwa tumejaa kama kawaida. Redio ilikuwa inaimba, watoto walikuwa wanakimbizana na bata, na mimi nilikuwa nimekalia kigoda nikichambua mboga na habari za watu kwa pamoja. Ilikuwa jioni tamu.

Alfayo alikuwa mtu mwema. Naanza na hilo ili msije mkamdhania mlevi. Pombe hakuionja, sauti hakuipandisha, mkono hakumwinulia mkewe. Mlango wake haukuwa na komeo. Lakini niambieni, nyumba isiyo na komeo, anayesimama jikoni ni nani? Ni Nyanchera, mkewe. Asubuhi alikuwa na kikapu cha chai mgongoni, mchana alikuwa na jembe, na jioni alisonga ugali wa watu wanane. Akishaupakua, waliingia wengine wawili, akarudi motoni. Hakuwahi kununa. Alikuwa amechoka tu, uchovu ule wa kukaa mwilini kama rangi ya ngozi, hata watu wakaacha kuuona.

Jioni hiyo alikuwepo Zilpa Aloo, Mjaluo wa Kendu Bay, fundi wa cherehani aliyeshonea nguo zake kwenye baraza la hoteli yangu pale sokoni. Mumewe, Otiende, alikuwa mpishi katika boti moja ya mfanyabiashara wa Kisumu. Boti hiyo ilikuwa inapakia watu Kendu jioni na kuwatembeza ziwani wakila huku jua likizama.

"Mnapanda saa kumi na moja," Zilpa alitueleza. "Inaenda polepole. Jua linashuka mbele yenu, maji yote yanakuwa mekundu, na ninyi mmeketi kwenye meza yenye kitambaa. Mnaletewa chakula. Mkimaliza, sahani zinaondolewa. Huoshi hata kijiko."

Nyanchera alikuwa amepiga magoti mbele ya sufuria. Akageuka, mwiko mkononi.

"Yaani mtu anakaa tu?"

"Anakaa tu, mama."

"Na anayepakua?"

"Otiende wangu."

"Mwanamume?"

Tukacheka hadi bata wakakimbia. Yeye hakucheka. Aliurudisha mwiko kwenye sufuria, akasonga kidogo, halafu akasema mbele yetu sote, bila kumtazama mtu:

"Baba Mong'ina, mimi sijawahi kukuomba kitu. Nataka hiyo. Mara moja tu. Nile chakula ambacho sikukipika."

Hata mimi, mnaonijua, niliacha kuchambua mboga. Alfayo alimtazama mkewe kwa huruma ya kweli.

"Ni jambo jema," akasema. "Ngoja niulize watu."

Hapo ndipo nyumba ilipoanza kuvuja, ndugu zangu, ingawa bati lilikuwa jipya. Bonasi ya chai ilikuwa imetoka na fedha hazikuwa tatizo. Kilichotakiwa kilikuwa neno moja la kumwambia Zilpa kabla ya Jumatano, ili Otiende ajue anapikia wangapi. Lakini Alfayo hakuwahi kukata shauri peke yake. Hata kununua jembe aliuliza njia nzima. Na ukiuliza njia nzima, kila mtu atataka akujibu, maana jibu halimgharimu kitu.

Jumatatu alikuja hotelini kwangu, akaagiza chai, akalimwaga jambo lake mezani.

"Alfayo, umekuwa Mzungu?" mmoja akamrukia. "Utakula kwa uma na kisu huku unatikiswa?"

"Na boti ikizama? Wewe hata kuvuka mto Gucha unashikwa mkono!"

"Ukimpeleka mke mmoja ziwani, sisi wengine tutalala wapi? Wake zetu watatutoa roho!"

"Mwache apumzike nyumbani. Jua si linazama hata hapa?"

Zilpa alisimamisha cherehani yake pale barazani. "Hapa linazama akiwa anapuliza moto," akasema. Wakacheka, wakaendelea. Alfayo naye alicheka, lakini niliona ameingiwa na shaka. Akaondoka kwenda kwa Mzee Ishmael.

Mzee Ishmael alikuwa ndugu mkubwa wa marehemu baba yake, na mzee wa kanisa la Wasabato. Alfayo alimwita Tata, kama baba aliyemzaa. Mzee alisikiliza, akafikiri, kisha akamtuma mtu amwite Zilpa, na mimi nikafuata, maana siku hizo sikupenda kuhadithiwa.

"Boti inaondoka siku gani?" Mzee akauliza.

"Jumamosi, mzee, saa kumi na moja."

"Saa kumi na moja Sabato haijaisha. Sabato inaisha jua likizama."

"Lakini wanakwenda kulitazama jua likizama," Zilpa akasema. "Ni kama wanaisindikiza Sabato."

"Sabato haisindikizwi kwa kula samaki."

"Hata Jumapili inaenda."

Mzee akakohoa. Hakulitazamia hilo. "Na samaki wenyewe? Kambare hana magamba. Na kaango hilo, nani ajuaye limekaanga mafuta ya nguruwe lini?"

"Ngege ana magamba, mzee. Na mume wangu hajawahi kumkaanga nguruwe hata kwa jirani."

Basi Mzee akaona hoja zimemwishia, na mzee wa kwetu hoja zikimwishia hakubali, hubadilisha njia. "Sawa," akasema. "Si vizuri kumpeleka mke wa nyumba hii mahali tusipopajua. Nitakwenda mimi na Alfayo tupaone kwanza."

Zilpa alidhani amepata nafuu. "Basi niwaandikie nafasi tatu?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Kwetu Wagusii, mzee na mke wa mwanawe wana heshima kati yao. Hawaketi wakala pamoja. Huyu akiingia, yule hutoka, na hakuna anayekasirika, ndiyo adabu yenyewe.

"Nitamwambia Otiende aweke meza mbili," Zilpa akajaribu.

"Hata zikiwa meza kumi. Boti ni nyumba moja. Ina mlango wa nyuma?"

"Mlango wa nyuma ni maji, mzee."

"Umeona sasa?"

Nilimtazama Alfayo. Angeweza kusema, "Tata, basi wewe utakwenda siku nyingine." Maneno machache tu, na yenye heshima. Yeye akasema, "Ni kweli, Tata."

Jioni hiyo nilikuwa ninarudisha sufuria niliyoiazima, nikamkuta anamweleza mkewe. Nyanchera alikuwa anaosha sahani za wageni waliokuwa wamekwisha ondoka.

"Tata anataka kwenda," Alfayo akasema.

"Aende."

"Naenda naye. Wewe utakwenda safari nyingine, tukishajua pakoje." Akakwaruza ukuta kwa kidole. "Na tena, anaogopa mafuta ya nguruwe. Amesema utufungie kuku."

Nyanchera alibaki ameshika sahani. Nilisubiri aivunje. Mimi ningeivunja, na si kwenye sakafu. Yeye akaisuuza, akaiinamisha ikauke.

"Wangapi?" akauliza.

"Kuku mmoja atatosha."

"Nauliza watu wangapi."

Jumapili aliamka kabla ya jogoo, na huyo jogoo ndiye aliyemchinjisha. Akamkaanga, akachemsha ndizi, akapika chapati laini, akazifunga kwa kitambaa cheupe alichokitarizi mwenyewe alipokuwa msichana. Kikapu kikajaa. Alimkabidhi Alfayo mlangoni, akawatakia safari njema, akachukua jembe.

Walirudi kesho yake. Mzee Ishmael alisimulia ziwa kwa wiki nzima: njiani, sokoni, hata kwenye ua wa kanisa. Jua lilivyokuwa kubwa! Taa zilivyowaka majini! Kitambaa cha meza! Walipomuuliza kama wake wanaweza kwenda, akatikisa kichwa. "Ni pazuri. Lakini panatikisika. Wanawake watapata kizunguzungu."

Alhamisi Zilpa alirudi kutoka kwao Kendu akiwa na kikapu. Tulikipeleka pamoja kwa Nyanchera.

"Walikisahau chini ya benchi," Zilpa akasema. "Otiende alikiona boti ikioshwa."

Nyanchera alikifungua. Harufu ikatupiga. Kuku alikuwa mzima, hajaguswa, kitambaa cheupe kimelowa na kugeuka kijani. Nzi wakaja.

"Hawakula?" akauliza.

Zilpa alinitazama. Mimi nikatazama chini. "Walikula, mama. Cha boti."

"Samaki?"

"Ngege wa nyanya. Na wali. Mzee aliongezewa mara mbili."

"Na waliketi tu?"

"Waliketi tu."

Nyanchera alichimba shimo nyuma ya migomba, akamzika yule kuku, kitambaa na vyote. Akanawa mikono. Akaufunika moto kwa majivu, akamfunga mtoto mdogo mgongoni, akawashika wengine mikono, akashika njia ya Magwagwa kwa wazazi wake. Tulimwita. Hakukimbia wala hakugeuka. Alikwenda tu, kama mtu anayekwenda kisimani.

Jioni wageni walikuja kwa Alfayo kama kawaida, wakakuta majivu. Wakasimama kidogo mlangoni, wakasema "basi, tutapita kesho," na kesho yake hawakupita. Nyumba iliyokuwa imejaa ikabaki na mwenyewe. Nilimpelekea ugali mara kadhaa, akawa anaula amesimama.

Hatimaye akamfuata mkewe Magwagwa, na hapo pia hakwenda peke yake. Alikwenda na Mzee Ishmael na wazee wengine. Babake Nyanchera aliwakaribisha, akawasikiliza hadi wakamaliza, kisha akamwambia Alfayo peke yake:

"Nilikuoza wewe binti yangu. Sikuwaoza Gesima yote."

Nyanchera alirudi. Alirudi kwa ajili ya watoto, ambao walikuwa wanalilia shule yao na bata wao. Alfayo alikuwa amebadilika, hilo nalo niliseme. Mlango wake aliutia komeo. Na Jumapili moja alikuja kwa Zilpa asubuhi, amevaa koti lake la harusi, akalipia nafasi mbili alizokuwa amemwagiza tangu Jumanne, bila kumuuliza mtu hata kama kutanyesha. Nilimfuata nyumbani, moyo ukinidunda kama ni mimi ninayeposwa.

Nyanchera alikuwa uani anamenya ndizi.

"Mama Mong'ina, vaa," Alfayo akasema. "Tunakwenda Kendu. Mimi na wewe. Sikumuuliza mtu."

Aliinua macho. Ningependa kuwaambia niliona hasira. Hasira ni moto, mtu angeweza kuota. Niliona majivu tu.

"Waulize," akasema.

"Niwaulize nani?"

"Watu. Waulize kwanza."

Akachukua ndizi nyingine. Alfayo alisimama na koti lake hadi jua likapita kichwani, kisha akaingia ndani akalivua. Boti ilikwenda jioni hiyo ikiwa na viti viwili vitupu, Otiende alituambia, na samaki wao wakaliwa na mabaharia.

Tangu hapo Nyanchera hakumuomba Alfayo kitu. Nguo ikichanika, aliishona. Mwavuli ukivunjika, alilowa. Chumvi ikiisha, alikaa kimya akapika bila chumvi, na Alfayo alijua imeisha siku aliyoonja mboga.

FUNZO

Ndugu zangu, kuna maovu yanayopiga kelele, kama ulevi na vita, na hayo tunayakemea kanisani. Lakini kuna ovu la kimya: mtu mwema anayempa kila mpita njia haki ya kuamua juu ya nyumba yake, huku aliye ndani ya nyumba hiyo akingoja. Heshimu wazee, uliza ushauri wa ng'ombe na wa mipaka ya shamba. Ila mwenzako akikuomba kitu kimoja katika maisha yake yote, hilo si swali la sokoni. Lijibu wewe, na ulijibu siku hiyo hiyo.

Na ninyi mnaopenda nyumba iliyojaa, kama ninavyoipenda mimi, mkiinuka kutoka mezani kwa watu, tazameni kwanza ni nani ambaye hajaketi.

Msijifariji kwamba wake zenu hawaombi kitu siku hizi. Onjeni mboga.