Dawa Tamu ya Babu Bartolomeo

Kila asubuhi na jioni Marsela alipima kifuniko kimoja cha dawa ya maji, akamnywesha babu yake, kisha akaweka alama ya vema kwenye kalenda ya parokia. Dawa ilikuwa tamu kama sharubati, lakini Babu Bartolomeo aliichukia. Ilimpeleka chooni mara tatu kwa siku.

Babu alikuwa katekista wa kigango chao, Majimoto. Mwaka uliopita alitapika damu, akapelekwa Dar es Salaam na kuwekewa kijibomba ndani ya ini. Tangu hapo hakutapika tena.

Alhamisi moja alimwita mjukuu wake pembeni.

"Jumapili padri hayupo, naongoza ibada mimi. Unataka niwakimbie waumini katikati ya sala?"

Marsela alicheka. Wakakubaliana kuiacha dawa hadi Jumatatu, ila alama ziendelee kuwekwa ili mama asigombe.

Jumapili Babu alisoma somo lilelile mara mbili. Mikono ilimtetemeka. Kisha akamuuliza Marsela, mbele ya watu, yeye ni mtoto wa nani.

Nyumbani, Baba Mdogo Leodgar alisema mzee amerogwa, akaita pikipiki ya kumpeleka kwa mganga. Mama alisita, akaitazama kalenda. Kwa alama zile, dawa alikuwa amekunywa bila kukosa. Akaanza kumfunga Babu kanga mabegani kwa ajili ya safari.

Marsela aliishika ile kanga.

"Mama, hajarogwa. Hajanywa dawa tangu Alhamisi. Alama nimeweka za uongo."

Pikipiki ikaelekea kituo cha afya, na huko Babu akarudishiwa dawa yake. Jumanne Babu alimwita Marsela kwa jina, akauliza ni nani aliyemwacha aingie kanisani na kanzu iliyogeuzwa.

Muuguzi Specioza aliwaketisha wote wawili. "Ini la mzee lilikakamaa, damu ikakosa njia, mishipa ikapasuka. Kijibomba kimeipa damu njia. Lakini damu inayopita humo haisafishwi vizuri na ini, na uchafu ukizidi, unavuruga akili. Dawa hii ndiyo inayoutoa, kwa njia ya choo."

Babu aliinamisha kichwa. Specioza akamgeukia Marsela.

"Ulimhurumia babu yako, naelewa. Ila sisi tunatibu kwa yale tunayoambiwa. Ile alama ndogo ilikuwa inampeleka kwa mganga. Ukweli wako ndio uliomleta hapa."

Jumapili iliyofuata Babu alikunywa dawa yake, akasimama mbele ya waumini.

"Nikitoka nje," alisema, "nyie endeleeni kuimba. Nitarudi."