Hodi ya Kisimani

Rafiki yangu Talha hufunga vipimo vya maji ya ardhini huko Changamwe, mtaa ambao nyumba zake zimeanza kudidimia. Haya yalimfika yeye, mchana kweupe.

Bi Barke, mwenye kisima, alimwambia, "Piga hodi kwanza, mwanangu. Hapa hatuteremshi kitu bila hodi."

"Kwani humo mnaishi nani, mama?" Talha akacheka, akateremsha waya wenye chuma kizito mwishoni.

Gizani mle chuma kikawa kinagonga mawe, ko, ko, ko, kisha kimya. Hakusikia mlio wa maji. Waya ulilegea tu, kana kwamba chuma kimepokewa.

Akauvuta upesi. Chuma kilitoka kikavu, na wallahi, kilikuwa na joto la kiganja cha mtu.