Wembe Aliobakiziwa Baba

Jirani zangu, leo nina hasira na sina haja ya kuificha. Haya yametokea upande wa pili wa ukuta wangu, katika nyumba ambayo wengi wenu mmekaa mkanywa chai na kuwasifu wenye nyumba.

Ilikuwa nyumba tulivu. Jumapili asubuhi, jua likiwa halijawa kali, kijana mkubwa wa nyumba ile alitundika kioo kwenye msumari uani na kujinyoa taratibu, povu limemfika masikioni. Mtaa mzima tunamwita Bosi, kwa sababu ya duka lake la vipuri vya magari na kwa sababu ya namna anavyotembea. Mkewe alikuwa akianika nguo. Pembeni, kwenye kiti kilichowekewa mito, baba yake aliota jua. Huyo ndiye Fundi, mzee aliyewashonea suti nusu ya wanaume wa mtaa huu, na ambaye zamani hukumkuta hata siku moja na ndevu za jana. Kiharusi kilimlemaza upande wa kulia, kikamfunga na ulimi. Alibakiwa na neno moja tu, "basi." Akitaka maji, basi. Akishiba, basi. Ukimsalimia, basi.

Nilikuwa nimeingia kurudisha sufuria yao. Bosi alipomaliza kujinyoa, alichukua mashine nyingine ya kunyolea, ya baba yake, akampaka mzee sabuni na kuanza kumkwangua. Nasema kumkwangua kwa sababu nilisikia sauti yake, kama mtu anayeparuza masizi kwenye chungu. Mzee alikunja uso.

"Basi," alisema. "Basi, basi."

"Tulia, mzee. Namaliza."

"Mume wangu, mbadilishie wembe," mkewe alisema, bado ameshika shati lililolowa. "Huo unamuumiza."

"Si nimembadilishia?"

"Umempa ule uliokuwa wako. Tena zamani."

"Kwani anakwenda harusini huyu?" Bosi alicheka, akanitazama nami nicheke. "Anashinda kwenye kiti. Wembe huu bado unafanya kazi."

Sikucheka. Mzee alikuwa na mistari ya damu chini ya taya, na chozi limeshuka hadi kwenye povu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka. Bosi hakuwa na shida ya nyembe. Pakiti za nyembe mpya zilijaa kwenye rafu ya bafuni. Yeye mwenyewe, wembe ukianza kumvuta tu, aliutoa. Lakini hakuutupa. Aliuhamishia kwenye mashine ya baba yake, na humo ulikaa mpaka ukaota kutu, unalowa na kukauka, umeshikamana na sabuni ya zamani na vinywele. Tena mzee ana sukari. Kidonda chake hakiponi haraka kama chako na changu, na Bosi alilijua hilo, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimnunulia dawa.

Vikaja vipele shingoni. Kimoja kikawa jipu kwenye shavu la kushoto. Mwenye akili angesimamisha kunyoa. Bosi alikuwa anatarajia wageni, ndugu wa upande wa mama yake, na hakutaka waseme mzee hatunzwi. Akamnyoa juu ya jipu. Wageni walikuja wakamkuta mzee amekaa safi kitini, amefungwa taulo shingoni lililopanda hadi mashavuni. Wakamsifu Bosi, wakala, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyeinua lile taulo.

Aliyeokoa maisha ya mzee ni mke wa Bosi. Alijificha jikoni akampigia simu wifi yake, yule binti tunayemwita Kitinda, anayeoka mikate katika mji mwingine. "Wifi, njoo umwone baba," alimwambia. "Usimwambie kaka yako kuwa nimekuita."

Kitinda alifika na nguo zake za kazini, unga bado kwenye mikono ya blauzi. Alimkuta baba yake anatetemeka kwa homa, uso umevimba upande mmoja, jicho limefumba. Hakugombana na mtu. Alisimamisha gari barabarani, tukambeba mzee, na mke wa Bosi akaja mbio nyuma yetu akiwa na ile mashine ndani ya mfuko wa plastiki.

Hospitalini daktari aliifungua mashine, akautoa wembe kwa kibanio. Ulikuwa wa kahawia, ukingo umemeguka. Bosi alikuwa ameshafika, anahema.

"Huu una muda gani?" daktari aliuliza.

"Si mrefu sana," alisema Bosi.

"Tangu kabla ya mvua kuanza," mkewe alisema. "Na kabla ya hapo ulikuwa wake yeye."

Daktari aliuweka kwenye kisahani. "Wembe butu haukati, unachana ngozi. Uchafu umeingia kwenye jipu, umepanda hadi kwenye jicho, na sasa uko kwenye damu."

"Kwa wembe tu, daktari?"

"Kwa wembe tu."

Walimpasua shavu, wakatoa usaha, wakampa dawa za kwenye mshipa. Mzee aliponea chupuchupu. Jicho la kushoto halikupona. Mtu aliyekuwa akitunga uzi kwenye sindano bila miwani, leo anaona kwa jicho moja, na aliyempotezea lile jingine ni mwanawe wa kumzaa.

Homa iliposhuka na kidonda kukauka, Bosi aliingia wodini na pakiti mpya ya nyembe, bakuli la maji ya moto na taulo jeupe. "Baba, nimekuja kukunyoa," alisema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. Alikaa kitandani, akatia wembe mpya kwenye mashine, akaiinua.

Mzee aliinua mkono wa kushoto, ule usiolemaa, akafunika shavu.

Bosi alisubiri. Mkono haukushuka. Maji yalipoa kwenye bakuli.

"Weka hapo mezani, kaka," Kitinda alisema. "Nitamnyoa mimi akikubali. Na akitoka hapa, anakwenda kwangu."

Bosi aliviweka vitu mezani, akatoka. Hakuna aliyemfuata.

Funzo

Kwa watu wengi, wembe mmoja unafaa kunyolea mara tano hivi, labda saba. Mwenye ndevu ngumu, mara tatu tu unaweza kuwa umekwisha. Ukivuta nywele badala ya kukata, ukiacha ngozi inawaka, utupe hata kama uliuweka juzi, na uufunge kwenye karatasi nene usije ukamkata mzoa taka. Wenye kutu usifikiriwe mara mbili. Ukimaliza kunyoa suuza mashine, ikung'ute, iache ikauke. Na kila mtu awe na wembe wake. Wa kuazimana na wa kurithishana haufai katika nyumba yoyote.

Asiyeweza kujinyoa, asiyeweza kusema kuwa anaumia, huyo ndiye wa kwanza kuwekewa wembe mpya. Kesho asubuhi, kabla hamjaja kuniuliza hali ya Fundi, fungueni kwanza mashine za wazazi wenu mtazame ndani.