Mkia wa Msafara

Kama kuna kitu kinachonipandisha hasira mpaka leo, ni mtu anayefungua mlango wa gari bila kuangalia nyuma. Surafel alikuwa mmoja wao. Pale mzunguko wa Megenagna, hapa Addis, Jumatatu asubuhi, magari yamebanana hata paka hapiti, yeye akaona amechoka kukaa kwenye teksi, akausukuma mlango. Rafiki yangu Bezawit alikuwa anapita na baiskeli. Puu! Baiskeli huku, yeye kule, helmeti ikabingirika mpaka chini ya gari la mkate.

Mimi nilikuwa nyuma yake na baiskeli yangu, nikafunga breki nikaacha alama barabarani.

"Wewe! Macho umeyaacha nyumbani?" Bezawit aliinuka akipiga kelele, kiwiko kinavuja damu.

"Samahani dada, kweli sikukuo..."

"Hukuniona! Na nguo hizi?" Alikuwa amevaa kizibao cha njano kinachowaka, raba nyekundu, nywele zimesukwa mistari mpaka kisogoni. "Ulitaka nivae nini, nijifunge taa za barabarani?"

Madereva walipiga honi, wakatutukana sote bila kubagua. Surafel alikuwa kijana mrefu, suti ya kijivu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka. Akapiga magoti hapohapo kwenye tope, akaanza kuhangaika na mnyororo uliochomoka.

"Inuka, unajichafua bure," Bezawit akasema.

"Nimeshajichafua."

"Hujui hata unachofanya! Lete huku. Wewe shika usukani tu, na usitikisike."

Akaushika. Mnyororo ulirudi mahali pake, lakini wale wawili waliendelea kuinama pale muda mrefu kuliko mnyororo ulivyohitaji. Nikamwambia Bezawit, "Shoga, tunachelewa kazini." Hakunisikia.

Jumatano Surafel akatokea Gerji, mahali tunapokutanikia, na baiskeli ya kuazima. Kiti kiko chini, magoti yanamgonga kidevu. Tulicheka mpaka machozi.

Sisi kila siku ya kazi tunaingia mjini kwa pamoja. Ukiwa peke yako Addis hii magari yatakusukuma mtaroni. Tukiwa kundi, wapende wasipende, lazima watuone. Bezawit ndiye anaongoza. Nyuma kabisa anakaa mtu tunayemwita mkia, mwenye kizibao cha kazi hiyo, na mkia ana sheria moja: hampiti mtu. Ukipasukiwa tairi, mkia anasimama na wewe. Ukiishiwa pumzi mlimani, mkia anatembea na wewe. Hakuna anayeitaka kazi hiyo, maana hakuna anayekuona wala anayekupongeza. Surafel aliipata kwa sababu alikuwa wa mwisho hata bila kupangiwa. Baadaye akapata nguvu za kutupita sote, lakini akakataa kutoka kule nyuma. Hapo ndipo Bezawit alipokwisha kwa mapenzi.

Jioni simu zao zilikuwa kero. Mimi na Bezawit tunafanya kazi duka moja la vitambaa, na yeye huongea akiwa ameweka sauti nje huku anakunja majora.

"Mkia, ulifika kazini salama?"

"Nilifika, kiongozi. Nimelowa jasho, bosi kanitazama kama nimetolewa kisimani."

"Pole mpenzi. Kesho beba shati la kubadili."

"Nitabeba. Bezaye?" Ndivyo alivyomwita, yaani Beza wangu.

"Nini tena?"

"Leo mlimani hukugeuka hata mara moja kuniangalia."

"Kiongozi akigeuka anaingia kwenye lori. Nakuangalia kwa masikio. Kengele yako ina kikohozi, naijua."

"Basi siitengenezi ng'o."

"Ole wako uitengeneze!"

Mvua zilipokatika, Bezawit akamwambia waziwazi, "Tuma wazee nyumbani."

Shida ilikuwa baba yake. Mzee Asrat hakuipenda ile baiskeli tangu siku ya kwanza. Alisema binti wa watu hajipitishi mbele ya malori kama ana ugomvi na maisha. Walikuwa wanagombana kila asubuhi mlangoni, mzee na kikombe chake, binti na helmeti yake, na kila asubuhi binti alitoka. Baiskeli ile ndiyo iliyomtoa mtaani akasoma masomo ya jioni, ndiyo iliyompa kundi la watu arobaini wanaomsikiliza. Mwambie Bezawit achague kati ya mkono wake na baiskeli, ataomba muda wa kufikiri.

Wazee wakaja Jumapili, watatu, mashuka meupe mabegani, fimbo mkononi. Kwetu anayeposa haji. Wazee humsemea, nao hawakai mpaka wajibiwe. Bezawit alikuwa jikoni nami na mama yake, amevaa gauni jeupe la kufuma, tunakaanga kahawa, masikio yote yako kwenye pazia.

Msemaji alikuwa Mzee Wendimu, baba mkubwa wa Surafel, mtu mwenye sauti ya kanisani. Alisifu ukoo wa Mzee Asrat, akasifu ukoo wao, akamsifu binti ambaye hajawahi kumwona. Mzee Asrat akakohoa.

"Sina neno na kijana. Neno langu ni baiskeli. Huyu mtoto barabara itaniulia."

"Aa, hilo tu?" Mzee Wendimu akacheka. "Hilo limekwisha, ndugu yangu. Kijana wetu ametuma neno. Siku binti akiingia kwetu, baiskeli basi. Tena ataiuza yeye mwenyewe."

"Amesema hivyo?"

"Kwa kinywa chake."

"Basi kaeni. Binti ni wenu."

Kikaango kilianguka. Kabla mama yake hajamshika, Bezawit alishapita pazia, mkono umejaa masizi.

"Wazee wangu, shikamooni. Sasa inukeni! Mkamwambie aliyewatuma kwamba baiskeli haiuzwi, na mimi siuzwi!"

Jamani, aibu ile! Mzee Wendimu alibaki na kitako hewani, hajakaa, hajasimama.  Wazee walipoondoka bila kuonja kahawa, Mzee Asrat alikwenda moja kwa moja uani, akaifunga baiskeli kwa mnyororo kwenye nguzo ya stoo, ufunguo akautia mfukoni.

"Umenivua nguo mbele ya watu," akamwambia. "Hiyo hutaipanda tena ukiwa chini ya paa langu."

Kesho yake Bezawit alikuja Gerji kwa miguu. Surafel alikuwa pale, uso umemshuka, simu yake imepigiwa kelele na ukoo mzima usiku kucha.

"Bezaye, nisikilize..."

"Ulisema niache baiskeli?"

"Sikusema!"

"Baba yako mkubwa kasema kwa kinywa chako. Ni mwongo?"

Hapo angesema ndiyo, mambo yangeisha. Lakini Surafel ana ugonjwa wa kusema kweli.

"Aliniuliza, baba yake akileta habari ya baiskeli tujibu nini? Nikamwambia... nikamwambia semeni lolote, mradi akubali."

"Lolote!"

"Nilikuwa nakutaka, Beza. Sikufikiri."

"Ulinitaka? Mimi nina mwaka wa tatu nagombana na yule mzee kila alfajiri ya Mungu, peke yangu, wewe ukaja ukampa kwa neno moja. Lolote! Vua kizibao."

"Beza, mbele ya watu..."

"Mimi nimeuzwa mbele ya watu. Vua!"

Akavua. Bezawit akanivalisha mimi, akachukua baiskeli ya mwenzetu mgonjwa iliyoachwa pale, kubwa kama punda, akaondoka mbele bila kusema twendeni. Hakuna aliyefungua mdomo mpaka Kazanchis. Na mimi nilikuwa na hasira. Wanaume hawa wakishataka kitu, wanakitafuta mpaka wanakivunja.

Tangu siku hiyo tulikuwa na mikia miwili. Mimi na kizibao, na nyuma yangu, mbali, mtu mwenye kengele yenye kikohozi. Hakusogea, hakutuita. Mama mmoja alipochomokewa na pedali nikashindwa kuirudisha, alikuja, akaifunga, akarudi nyuma tena. Bezawit aliisikia ile kengele, najua, maana kila ikikohoa alikuwa anaongeza mwendo. Akambloku kwenye simu. Surafel akapiga kwa namba ya dada yake.

"Halo?"

"Beza, usikate. Nimemwomba baba mkubwa arudi akasahihishe. Amekataa. Anasema mzee hamezi tena alichosema."

"Sasa unaniambia ili nimpikie uji?"

"Nakuambia ili ujue nitakwenda mwenyewe."

"Kwa baba? Bila wazee? Atakutoa na fimbo! Surafel, usije. Nimekasirika na wewe, lakini sijafika huko. Usije!"

Alikuja. Jumapili baada ya kanisa, mzee ametoka kuvua viatu. Nilikuwa jikoni tena, sijui kwa nini nakuwaga jikoni. Tulisikia breki nje, halafu kengele ile ikaguswa kwa bahati mbaya ikakohoa. Bezawit aliacha kumenya vitunguu.

Surafel aliingia na ile suti ya kijivu, doa la grisi la Megenagna bado liko gotini. Akasimama katikati ya sebule.

"Kijana," Mzee Asrat akasema, "wazee wako wako wapi?"

"Sina wazee leo, baba. Lile neno la baiskeli lilikuwa kosa langu. Niliwaambia waseme lolote. Sikuwa na haki, baiskeli si yangu. Nimekuja kulirudisha."

"Mimi nilitoa binti juu ya neno hilo. Ukilirudisha, umerudisha na posa. Unalijua hilo?"

Surafel akatazama pazia la jikoni. 

"Najua, baba."

"Na unarudisha?"

"Narudisha. Mfungulie baiskeli yake."

Mama yake Bezawit, Mama Alemitu, alishika mdomo. Mimi nilitaka kulia. Bezawit? Bezawit alilipuka. Pazia nusura ling'oke.

"Yaani jamani! Yaani wewe mwanaume!" Kisu cha vitunguu bado anacho mkononi, Surafel alirudi hatua nyuma. "Wiki ile mmenitoa bila kuniuliza. Leo mnanirudisha bila kuniuliza! Mimi ni sahani ya jirani?"

"Beza, nilitaka uwe huru..."

"Nani kakwambia nataka kuwa huru bila wewe? Nilitaka uombe radhi, mpumbavu wewe, sikutaka uondoke!"

"Weka kisu chini," baba yake akasema.

Akakiweka. Akajifuta mikono kwenye gauni, akavuta shuka jeupe la mama yake kutoka kitini, akalitupia begani kama wazee wanavyofanya, akasimama mbele ya baba yake, miguu pamoja.

"Bezawit, kaa."

"Sikai, baba. Nimekuja kuposa. Sikai mpaka nijibiwe."

"Umerukwa na akili?"

"Naomba vitu viwili. Naomba mtu huyu, ingawa ni mjinga. Na naomba ufunguo. Siombi kimoja. Ukinipa yeye bila ufunguo, simtaki. Ukinipa ufunguo bila yeye..." Sauti ikamkatika, akaikasirikia sauti yake mwenyewe. "Nitapanda, lakini nitapanda nikilia, na hiyo ndiyo hatari barabarani."

Mzee Asrat alitazama sakafu. Alipofungua mdomo, sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo.

"Wewe unadhani nachukia baiskeli. Mimi kila asubuhi nikisikia king'ora, kahawa hainishuki. Nakaa hapa mpaka unipigie umefika. Siku nyingine unasahau kupiga."

Hakuna aliyekuwa amewahi kuambiwa hilo, hata mama. Bezawit bado alisimama.

"Nitapiga, baba."

"Akisahau nitapiga mimi," Surafel akasema. "Mimi nakuwa wa mwisho. Nikifika mimi, wote wamefika."

Mzee alimtazama, akatazama lile doa la gotini. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akaubamiza mezani mpaka vikombe vikaruka.

"Kaeni! Wote wawili! Mnanisimamia kama polisi nyumbani kwangu!"

Bezawit aliuchukua ufunguo kwanza, ndipo akakaa.

Mama Alemitu akaleta sinia, injera pana, ule mkate wetu laini, na mchuzi wa kuku mwekundu unaofuka moshi. Hakuna aliyejua aanze vipi. Bezawit akakata injera, akachota, akakunja tonge, akaongeza, akaongeza tena, likawa kubwa kama ngumi. Kwetu kumlisha mtu kwa mkono wako ni kumwambia yaliyo moyoni. Akamgeukia Surafel.

"Fungua mdomo."

"Beza, hilo ni kub..."

Akalisukuma lote. Mchuzi ukamchuruzika kidevuni mpaka kwenye shati jeupe. Macho yalimtoka.

"Bado nimekasirika," Bezawit akamwambia, machozi yanamtiririka, mkono bado uko shavuni kwake. "Kesho asubuhi saa kumi na mbili na nusu, Gerji. Kizibao utakikuta kwa huyu. Na siku nyingine mtu akikuuliza habari zangu, utasemaje?"

Surafel alitaka kujibu, mdomo umejaa. Akanyoosha kidole, akamwonyesha yeye.

"Ehee," Bezawit akasema. "Wamuulize mwenyewe. Haya, tafuna."